Makala ya Mti na Makala ya Jiwe

Mazungumzo yetu ya leo yanaanzia kwenye neno moja: makala. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi wakilisikia hufikiria gazeti, maana kwao makala ni maandishi ya mwandishi, na kile kinachowaka jikoni wanakiita mkaa. Huku kwetu Lubumbashi makala ni makala, kitu cheusi kinachowekwa ndani ya jiko la mbabula ili sufuria ya bukari, yaani ugali, ichemke. Lakini kuna makala ya pili, yale yanayochimbwa ardhini, makala ya mawe, na Kifaransa chetu nacho hakitusaidii, kwa sababu charbon ni hiki na kile. Jina moja kwa vitu viwili limetuharibia hesabu. Siku hizi tunaambiwa kila kukicha kwamba nishati za kisukuku, yaani makala ya mawe, mafuta ya petroli na gesi asilia, ndizo zinazoiharibu dunia, na kwamba kinachotoka msituni ni cha asili, huota tena. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila hapa Lubumbashi kanuni hiyo ikiingia jikoni inapinduka. Nitajaribu kuonyesha kwamba kipimo cha haki ni muda: kitu kilichukua miaka mingapi kuumbika, na sisi tunakimaliza kwa miaka mingapi. Kwa kipimo hicho, mtungi mdogo wa gesi, ambao ni kisukuku halisi, unastahili nafasi jikoni kwetu kuliko gunia la makala ya miti.

Tuanze kwa kuvitazama vyote viwili kwa karibu. Shika kipande cha makala ya mti, kivunje katikati, kigeuzie mwanga. Ni chepesi, kinalia kama kigae, na ndani yake unaiona miviringo ya ule mti, duara ndani ya duara. Mti huo uliishi miaka thelathini, arobaini, labda zaidi, kisha ukakaa siku kadhaa ndani ya tanuru la udongo. Sasa shika kipande cha makala ya mawe. Ni kizito, kina mistari, mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na mawe yanayokizunguka mgodini mara nyingine yana alama ya jani ambalo hakuna binadamu aliyeliona likiwa bichi. Hayo ni mabaki ya vinamasi vya kale. Mimea ilianguka majini mahali ambapo hewa haikufika, kwa hiyo haikuoza ikaisha. Ikalundikana kuwa mboji, mchanga na matope vikaifunika, uzito na joto vikaikamua maji na gesi, na kaboni ikabaki. Hatua ya kwanza ya safari hiyo tunayo hapa nchini hadi leo. Katika Bonde la Kati, kule kwenye misitu yenye maji ya Equateur na jirani zake, wanasayansi walionyesha mwaka 2017 kwamba chini ya miti kuna mboji inayoenea zaidi ya kilomita za mraba 145,000, kati ya Kongo mbili, ikiwa na tani bilioni 30 hivi za kaboni. Mboji hiyo ilianza kulundikana zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Miaka elfu kumi, na bado ni matope tu. Kuwa makala ya mawe kunahitaji mamilioni.

Na mamilioni hayo tunayo pia, ila mbali na mji. Makala ya Luena, upande wa Bukama, na yale ya Lukuga, karibu na Kalemie, yaliumbika kati ya miaka milioni 250 na 300 iliyopita, wakati barafu kubwa iliyofunika sehemu hii ya dunia ilipoyeyuka na kuacha mabonde yenye majimaji. Chini ya Lubumbashi yenyewe hayapo, wala usipoteze fedha kuyatafuta. Mawe yanayobeba shaba na kobalti yetu yana umri wa zaidi ya miaka milioni 500, na yalipokuwa yakijengeka, nchi kavu haikuwa na mti hata mmoja. Pasipo miti hapawezi kuwa na makala. Ndiyo sababu mji huu ulizaliwa ukiwa na shaba tele, bila moto wa kuiyeyushia.

Moto ulikuja kwa reli. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kampuni ya Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza. Kilicholilisha tanuru lile ni koki ya Wankie, mgodi ambao leo tunauita Hwange, nchini Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kwa treni. Koki ni nini? Ni makala ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka yakabaki magumu na safi, sawasawa na mti unavyookwa hadi kuwa makala. Kazi yake katika tanuru ilikuwa zaidi ya kutoa joto: ilibidi ibebe uzito wa mawe ya shaba bila kusagika, na gesi yake iipokonye shaba ile hewa ya oksijeni iliyoishikilia. Makala ya Luena, ambayo kampuni ilianza kuyachimba miaka ya 1920, yaliwaka vizuri, yakafaa kwa boila na kwa saruji, lakini hayakutoa koki ngumu. Basi huku Katanga tukaendelea kununua kwa jirani. Kile kilima cheusi kinachoonekana kutoka karibu kila kona ya mji, pamoja na ile dohani ndefu iliyo kando yake, tumevifanya nembo yetu. Vimo kwenye picha, kwenye kadi, kwenye michoro ya wasanii wa barabarani. Kilima hicho ni taka za matanuru. Ukipenda kujua ni kiasi gani cha makala ya mawe kilichochomwa hapa, usitafute vitabu. Kitazame tu.

Sasa angalieni walichofanya mabwana wa migodi, ambao hakuna anayeweza kuwashtaki kwamba walipenda mazingira. Walifanya hesabu, wakaona makala ya kununua yanakula faida, wakageukia maporomoko ya maji. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, Likasi, kikaanza kusafisha shaba kwa umeme; mwaka 1930 Mwadingusha kwenye mto Lufira ikaanza kutoa nguvu, baadaye Koni, kisha Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956 kwenye Lualaba. Mwaka 1952 huo huo treni zikaanza kuvutwa kwa umeme kati ya Likasi na Tenke, kwa namna ya umeme ambayo reli nyingi za Ulaya zilikuja kuitumia baadaye. Miaka ya 1980 mwanzoni ukaja waya mrefu wa umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700. Nayasema haya kwa sababu moja: viwanda vya Katanga vilipunguza makala ya mawe karibu miaka mia iliyopita, kabla hata ya mtu kuogopa joto la dunia. Jiko la Katanga halikualikwa kwenye safari ile. Nguzo zilipita juu ya vijiji na mitaa, na chini yake mbabula zikaendelea kuwaka.

Tuje kwenye mafuta na gesi, ambavyo historia yake ni tofauti. Makala ya mawe ni miti. Mafuta ni viumbe vidogo vya majini, mwani na vingine visivyoonekana kwa jicho, vilivyokufa na kuzama kwenye matope ya bahari au ziwa. Matope yakifunikwa hadi kina cha kilomita mbili, tatu au nne, joto la ardhi huyapika. Moto ukiwa wa wastani, yanatoka mafuta. Ukizidi, mafuta nayo yanavunjika kuwa gesi. Kisha lazima pawe na mwamba wenye vitundu wa kuyapokea na mwamba mwingine usiopitisha wa kuyazuia juu, la sivyo yangevuja yote yakapotea. Mafuta ya Muanda, kule mdomoni mwa mto Kongo, yalianza mambo yake wakati Afrika na Amerika Kusini zilipokuwa zikiachana. Yale ya Uganda, kando ya Ziwa Albert, ni ya ziwa, ni mapya zaidi, na yana nta nyingi kiasi kwamba yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, la kilomita 1,443, limebuniwa lipashwe moto njia nzima. Gesi ya Ziwa Kivu ni jambo la pekee. Sehemu kubwa inatengenezwa na bakteria chini ya maji hata sasa, kwa hiyo kuiita kisukuku ni kuisingizia kidogo. Rwanda inaichota na kuzalisha umeme, megawati 26 katika kituo kilichofunguliwa mwaka 2016.

Nchi yetu, Kongo ya Kinshasa, imekuwa ikitoa mafuta ya baharini tangu 1975, lakini lita ya esansi unayoinunua Lubumbashi haikutoka Muanda. Mafuta ghafi yanauzwa nje, na kile kiwanda cha kusafishia kilichojengwa kule miaka ya 1960 kilikusudiwa mafuta mepesi ya kigeni, yetu mazito hayakukifaa. Sisi wa Katanga tunalishwa kupitia mashariki na kusini: Dar es Salaam, Beira, Durban, kisha Zambia, kisha mpakani Kasumbalesa. Bomba la Tazama, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililojengwa mwaka 1968, lilibadilishwa mwaka 2023 lisafirishe mazutu, yaani dizeli, yaliyokwisha kusafishwa. Na mazutu ndiyo damu ya mkoa huu. Yanaendesha malori yanayotoa shaba, mitambo inayochimba, na majenereta yanayonguruma SNEL, shirika letu la umeme, inapokata umeme.

Kuna matumizi mengine ya petroli ambayo hayatajwi sana, nami nayaona ndiyo yenye kutufundisha zaidi. Tazameni malori yanayoingia kutoka Zambia yakiwa na shehena ya unga wa njano au vidonge vya njano. Hicho ni kiberiti, salfa. Hakichimbwi siku hizi kama zamani. Sehemu kubwa kinatolewa ndani ya mafuta na gesi, hasa ya Ghuba, kwa sababu mafuta yakichomwa na salfa yake hutoa moshi unaogeuka asidi angani. Wanaosafisha mafuta wanalazimika kuitoa, inabaki malundo, na malundo hayo yanatafuta mnunuzi. Mnunuzi ni sisi. Migodini salfa inachomwa, inageuzwa asidi ya salfa, na asidi ndiyo inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe. Kisha inakuja chokaa iliyochomwa kwenye tanuru ili kutuliza asidi hiyo, na malori ya mazutu ya kupeleka mzigo bandarini, karibu kilomita 2,000. Kwa hiyo ile kobalti inayosifiwa kwamba itaiondoa dunia kwenye petroli, tangu jiweni hadi melini imebebwa na petroli mgongoni. Sisemi hivyo ili kuidharau betri. Nasema ili tuache kudanganyana kwamba kuna watu walio nje ya mambo ya visukuku kwa sababu tu hawana kisima cha mafuta. Swali lenye faida ni hili: ni kazi ipi tuipe kisukuku, na ipi tuinyime?

Hapo ndipo ninaporudi kwenye mbabula. Mji huu una watu zaidi ya milioni mbili, na wengi wao wanapika kwa makala. Baiskeli zinaingia asubuhi na mapema kutoka barabara ya Kasenga, ya Likasi, ya Kipushi, kila moja ikiwa na magunia yaliyofungwa juu kwa majani na kamba, mwenye mali akisukuma kwa mguu. Magunia yale ni msitu wetu wa miombo. Kwa tanuru la udongo la kawaida, kilo 1 ya makala inahitaji kati ya kilo 5 na 10 za mti. Nguvu nyingi iliyokuwamo inakwenda na moshi. Kisha mbabula yenyewe inapoteza tena, sehemu kama nne kati ya tano za joto hazifiki kwenye sufuria. Miombo si msitu mnyonge, jamani. Kisiki chake kinachipua, na ukikipa miongo michache bila shoka na bila moto kitakurudishia mti. Lakini nani anakipa miongo michache? Chipukizi linakatwa likiwa na unene wa mkono, moto wa kiangazi unapita kila mwaka, shamba la mahindi linafuata, na mchomaji wa makala anasogea mbele. Wachomaji wenyewe wanajua kwamba sehemu walizokuwa wakizifikia kwa miguu leo zinahitaji lori. Kitu kinachoota kwa miaka arobaini na kuvunwa kabla hakijafika kumi, kwa hesabu yangu, kimekwisha kuwa mgodi. Tunachimba msitu.

Linganisha na gesi ya mtungi. Hiyo ni propani na butani, ndugu wadogo wa petroli, zinazopatikana wakati wa kusafisha mafuta au kutenganisha gesi asilia. Uzuri wake ni kwamba ukizibana kidogo zinakuwa maji, kwa hiyo zinaingia kwenye chuma mtu anachoweza kubeba begani. Metani, ile gesi ya Ziwa Kivu, haikubali hivyo, inataka bomba au baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri. Kilo 1 ya gesi, kwa sababu jiko lake halipotezi sana, inafanya kazi ya kilo 3 hadi 4 za makala, yaani ya mti wa kilo 15 hadi 40. Ndiyo, inatoa kaboni ya kale, kama kilo 3 za kaboni dioksidi. Lakini kilo 3 tu za makala zinatoa zaidi ya kilo 8, bila kuhesabu moshi wa tanuru, na mti usiporudi kuota, anga halitaiuliza kaboni ile ilizaliwa lini.

Najua majibu yatakayoletwa. Mtu atasema: tuna Inga, tuna Nzilo, kwa nini tusipike kwa umeme? Angepika kwa umeme ningempongeza, hiyo ndiyo njia iliyo bora. Ila mama wa mtaa wa Katuba au mtaa wa Kenya hapa mjini, ambaye umeme unamkimbia saa ya chakula, hawezi kupika kwa megawati zilizoandikwa kwenye karatasi, na nguvu nyingi ya mabwawa yetu ina wateja wakubwa migodini. Mwingine atasema gesi inalipuka. Hatari ipo, ndiyo maana gesi hutiwa harufu kali ili ukisikia ufunge na kufungua madirisha. Makala nayo yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu kabisa, na katika baridi ya Juni na Julai, mbabula ikiingizwa chumbani milango ikiwa imefungwa, watu hulala wasiamke. Wa tatu atataja bei, na huyu ndiye mwenye hoja. Makala unanunua ya mlo mmoja. Mtungi unataka fedha nyingi siku moja. Nchi ya Kenya imetuonyesha jinsi serikali inavyoweza kusaidia na kuharibu: iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016, ikairudisha Julai 2021 kwa asilimia 16, ikapunguza hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa tena mwaka 2023. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia ikilenga asilimia 80 ya wananchi kufikia 2034. Hatujui kama watafika, lakini wamelifanya jiko kuwa jambo la serikali, wakati sisi tumeliacha kuwa jambo la baiskeli.

Hoja ya nne inaniumiza kichwa: mchomaji atakula nini? Gesi haina jibu lake, wala sitajifanya kulileta. Ninachosema ni kwamba msitu ukiisha atakosa kazi vile vile, tena bila kuonywa, kwa hiyo ni heri mji uanze kupunguza taratibu huku visiki vikipewa nafasi ya kuchipua. Na wapo watakaokwenda mbali zaidi: kama gesi ni nzuri, basi tuchimbe yetu! Mwezi Julai 2022 Kinshasa ilifungua mnada wa maeneo 27 ya mafuta na 3 ya gesi, mengine yakiwa kwenye bonde la Tanganyika na mengine juu ya ile mboji ya Equateur. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Kufutwa huko sikulii. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kupitia Lukuga, mto ule ule ulioyapa jina makala ya mawe ya Kalemie, na Lukuga humwagika Lualaba; mafuta yakimwagika huko, yataingia kwenye maji ya watu wengi mno. Kama ni gesi ya nyumbani tunayoitaka, Muanda wanaichoma hewani miaka yote, ndimi za moto zinaonekana usiku. Kuikusanya ile kuna maana kuliko kutoboa ziwa.

Kwa hiyo neno langu kwa wakubwa wa mkoa ni fupi: ondoeni ushuru kwenye mtungi na kwenye jiko lake kabla ya kupiga marufuku gunia, na anzeni na jikoni za shule, za hospitali na za kambi, ambako makala yanaingia kwa lori. Na kwako msikilizaji: jioni hii, kabla hujawasha, vunja kipande kimoja kikubwa cha makala, ukisogeze kwenye mwanga, uhesabu miviringo. Kila mviringo ni mwaka wa mvua wa Katanga.